Korongo wa Dirisha la Hestrey

Mwaka wa 1999, kwa muda wa miezi mitano, nilizuru visiwa kumi na saba bila kutoka mtaa wa Buruburu, hapa Nairobi. Nilimweleza hivyo rafiki yangu Obonyo tukiwa tumeketi nje ya ukumbi wa Kaloleni, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ndambuki, na pasipoti umepewa na nani?"

"Na binti yako," nikamjibu.

Binti yake ni Celine. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, juu ya duka la dawa, kwenye maduka ya Buruburu. Kazi zake zilikuwa kupiga chapa, kutoa fotokopi, kutuma barua pepe, na kufundisha kompyuta. Wazee wa rika langu walizisikia habari za mashine hizo kama habari za ugonjwa. Mimi nilijiandikisha. Mtu aliyepata cheti cha kidato cha nne akiwa na miaka arobaini, akisoma jioni katika ukumbi uleule wa Kaloleni baada ya kushinda siku nzima akiwa karani kwenye stoo ya mizigo ya Reli, hatishwi na vitufe. Nilikuwa na miaka sitini na saba. Baada ya wiki sita nilikuwa napiga chapa kwa vidole vinne, na Celine akawa ananitaja kwa vijana waliokuwa wavivu.

Siku moja baada ya somo aliniambia, "Mzee, kaa kidogo. Nikuonyeshe kitu. Hii si picha ya kalenda. Hii ni sasa hivi."

Ilikuwa bandari ndogo, mahali fulani Ulaya. Watu wa huko walikuwa wamefunga kamera dirishani, nayo ilikuwa ikipiga picha kila baada ya dakika kumi na kuiweka kwenye intaneti ili mtu yeyote duniani aione. Picha ilikuja polepole kutoka juu, ukanda kwa ukanda. Kwanza mbingu, kisha milima, kisha paa la nyumba. Bahari ilikuja mwisho. Tulingoja kama watu wanaongoja pazia livutwe. Bahari ilipofika, nilimwona mwanamke ameshika kofia yake kwa mkono mmoja. Wakati huohuo, pale alipokuwa, upepo ulikuwa unataka kumnyang'anya ile kofia. Celine aliendelea kueleza jinsi mambo hayo yanavyofanya kazi, lakini nilikuwa simsikii.

Nilimuuliza kama kuna kamera nyingine kama hiyo katika visiwa vya Waingereza, vile vya kaskazini kabisa, visivyo na miti.

"Mbona visivyo na miti?"

Nikamwambia habari za mdogo wangu.

Kimanzi alikuwa mchongaji. Sisi sote tulichonga, baba yetu Mbaluka alitufundisha tangu utotoni, lakini Kimanzi ndiye aliyekuwa na mkono. Kazi yake kubwa ilikuwa korongo. Wachongaji wengine walimchonga korongo akitazama mbele kama askari wa gwaride. Kimanzi alimgeuza shingo, akamfanya atazame nyuma juu ya bawa lake, kana kwamba ameitwa jina. Mwenye duka la vinyago mjini alisema watalii wanamtaka huyo huyo, wengine wabaki. Mwaka wa 1968, akiwa na miaka ishirini na saba na amemwoa Nthenya mwaka mmoja na nusu tu, Kimanzi alichoka na vumbi la mbao. Akaenda Mombasa, akapata kazi jikoni katika meli ya mizigo. Alisema ni ya miaka miwili.

Tulipata barua tatu. Ya mwisho ilifika 1971, nayo ilisema ameshuka melini, yuko kisiwani, anafanya kazi ya samaki. Maneno yake nayajua kwa moyo: "Hapa hakuna mti hata mmoja, upepo umekula yote. Nimetafuta kijiti cha kuchonga nimekosa." Jina la kisiwa hakulitaja. Pengine alidhani tutalisoma kwenye muhuri wa posta. Na muhuri ulikuwepo, juu ya bahasha, kando ya stempu. Lakini siku hizo nilikuwa nakusanya stempu kwa ajili ya somo la jiografia. Niliikata ile stempu vizuri kwa wembe, nikaitia majini ibanduke, na bahasha nikawashia jiko. Kwenye stempu kulikuwa na kichwa cha Malkia tu, bila jina la nchi, maana Waingereza hawaandiki jina la nchi yao. Nilikuja kulifikiria jambo hilo baada ya miezi minne, tulipotaka kumjibu.

Celine alisikiliza yote. Alivuta kiti chake karibu, akaanza kutafuta.

Kuanzia hapo nilikwenda kila siku ya kazi saa saba mchana, wakati wateja wake wameenda kula na laini ya simu haina msongamano. Nilitembea kwa miguu kutoka Kaloleni kufuata barabara ya Jogoo, nikiwa na daftari na atlasi yangu. Saa saba yetu ilikuwa saa tano asubuhi kwao. Visiwa vingine vilikuwa na kamera inayotazama kivuko, vingine mnara wa taa. Kimoja kilikuwa na kamera iliyowekwa na watu wanaohesabu ndege, na humo sikuona mtu hata siku moja, ila jabali na kinyesi cheupe cha ndege. Nilijifunza kungoja. Nilijifunza kwamba mbwa anayelala katikati ya barabara atakuwa bado pale baada ya dakika kumi, na binadamu hatakuwepo. Kila mzee aliyeonekana mweusi kwa sababu ya kivuli, kila mtu mfupi mwenye mabega mapana, nilimngoja katika picha inayofuata. Hakurudi hata mmoja.

Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi alimuuliza Celine, bila kupunguza sauti, "Siste, huyu buda anacheki maji tu?"

"Anacheki familia," Celine akamjibu. "Wewe ngoja line yako."

Mwezi wa Agosti, Nthenya alikuja kwangu Kaloleni. Hakuwa amekuja tangu mazishi ya mke wangu. Alikuwa ameishi nasi miaka mingi baada ya Kimanzi kuondoka, kisha akanunua cherehani, akahamia mtaa wa Lucky Summer, akawa anashona sare za shule. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Nilimwandalia chai.

"Baba Mwelu, sikuja kunywa chai," alisema, akaishika. Mwelu ni binti yangu, na Nthenya ameniita kwa jina hilo tangu mtoto huyo azaliwe. "Nimekuja kwa ajili ya barua. Unajua habari za Wekulo."

Nilizijua. Wekulo alikuwa dereva mstaafu wa baraza la jiji, mtu wa kule Bungoma, aliyefiwa na mkewe, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lao. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililoniudhi.

"Mchungaji anataka kuanza kututangaza ndoa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa," Nthenya akasema. "Lakini nilikuwa mke wa nyumba hii. Mlipeleka mbuzi kwetu. Kwa hiyo anataka neno la ukoo, na ukoo uliobaki ni wewe. Mistari miwili tu."

"Mistari miwili ya kumzika mtu."

"Ya kunifungua mimi."

"Na akirudi?"

"Akirudi atanikuta Lucky Summer, nimezeeka. Nitampa chai. Nitamtilia na sukari, si kama wewe."

Nikasukuma bakuli la sukari upande wake. Nikamwomba anipe mwezi mmoja.

"Umeshapata miaka ishirini na minane," akasema. Lakini akanipa huo mwezi.

Kisiwa cha kumi na saba kiliitwa Hestrey. Katika atlasi yangu kilikuwa doa, na jina lake limeandikwa juu ya maji kwa kukosa nafasi. Kamera yake ilikuwa ndani ya ofisi ya bandari, ikitazama nje kupitia dirisha. Ungeona gati, mashua mbili, lori la samaki, na nyuma yake kilima kisicho na kitu. Hakuna mti. Na chini kabisa, upande wa kulia, pale ukingo wa dirisha ulipoingia kwenye picha, kulikuwa na kitu cheusi kimesimama. Siku ya kwanza nilidhani ni chupa. Siku ya pili jua la kwao lilikuwa limetoka, na mwanga wa bahari ukapita nyuma yake.

Alikuwa korongo. Shingo imegeuka, anatazama nyuma juu ya bawa lake.

Celine alinikuta nimesimama. "Mzee, kuna nini?"

"Toa hii kwenye karatasi," nikamwambia. "Yote. Toa mbili."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na picha mbili ndani ya atlasi, na sikumbuki barabara. Nilikuwa nimempata. Kama hakuwa yeye mwenyewe, basi mti aliouokota ufukweni, ulioletwa na maji kutoka nchi yenye miti, akauchonga, akampa mtu wa bandari. Mtu anayechonga yu hai. Kesho yake niliandika barua pepe kwa mkuu wa bandari ya Hestrey, kwa Kiingereza changu cha ofisini, nikimuuliza kwa heshima nani alichonga ndege aliye dirishani, na kama mchongaji huyo anaendelea vyema. Niliisoma mara nne kabla ya kumruhusu Celine aitume. Wiki ikapita, kisha ya pili. Hatukujibiwa. Kila siku saa saba niliingia, nikamkuta korongo yuko pale, watu wanapita nyuma yake, na niliwatazama watu hao kuliko nilivyowahi kutazama watu wa mtaani kwetu.

Ilipobaki siku tatu kabla ya ile Jumapili, nilimpigia Nthenya kupitia simu ya duka lililo karibu na nyumba yake. Nilimwambia aje Buruburu, asije na kitu chochote, aje tu.

Alifika na uzi wa buluu umeng'ang'ania kwenye mkono wa sweta. Celine alimpa kiti changu, mimi nikachukua kigoda. Nilikuwa nimepanga namna ya kulieleza jambo hilo, kwa utaratibu, kuanzia na intaneti. Nthenya akanikatiza.

"Nionyeshe ulichoniitia."

Picha ikaanza kushuka. Mbingu ya kijivu. Kilima. Nthenya alikuwa amekunja mikono. Gati likaja, na lori, na maji. Mwisho ukaja ukingo wa dirisha.

Nilimwona akiinama mbele. Mikono ikakunjuka. Akaweka kidole karibu na kioo, bila kukigusa, pale kwenye shingo ya korongo, na mdomo wake ukafunguka kidogo. Wakati huo nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilifurahi kumwona amerudi kumngoja ndugu yangu.

Kisha kidole kikashuka chini.

"Huyu ni wako," akasema.

"Wangu vipi? Tazama shingo."

"Shingo nimeiona. Tazama miguu."

Nikatazama. Sikuona kasoro.

"Mwanga unapita juu ya mgongo wake, unapita chini ya shingo," Nthenya akasema. "Katikati ya miguu haupiti. Ni gogo. Kimanzi alikuwa anaitenganisha miguu mpaka unaweza kupitisha penseli, na kila anapofanya hivyo namwambia itavunjika, na haivunjiki. Wewe uliiacha imeshikana. Uliogopa."

Celine alijifanya anapanga karatasi.

Inanibidi nieleze. Kimanzi alipoondoka, mwenye duka la vinyago aliendelea kutaka korongo wake, na mimi sikutaka jina la nyumba yetu lipotee pale dukani. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi na Jumapili, nilichonga korongo wa Kimanzi. Nilimweka mmoja wa kwake mbele yangu, nikamfuata kwa tezo. Mwenye duka aliwapokea wote. Nami nikajiambia, na baadaye nikawaambia watu wengine, kwamba mtu hawezi kutofautisha mkono wangu na wa ndugu yangu. Nililisema mara nyingi mno, mwisho sikuwa na haja ya kulikagua.

"Wewe umejuaje?" nikamuuliza Nthenya. "Kwa picha ndogo kama hii?"

"Nani alikuwa anawapiga msasa?" Akageuka, akanitazama. "Wa kwake nilipiga msasa na wa kwako nilipiga msasa. Wa kwake vidole vyangu vilikuwa vinaingia katikati ya miguu. Wa kwako nilikuwa napita juu tu, kama napangusa meza. Kila nikimaliza mmoja wako, najua hayupo. Ulikuwa hujui? Wewe ulikuwa unaniletea kikapu kizima."

"Hukusema."

"Ningesema nini? Ulikuwa unajivuna sana nao."

Nikamwambia tungoje jibu la mkuu wa bandari. Huenda si wangu. Kuna wachongaji wengi.

"Basi ni wa mtu mwingine aliyeogopa kama wewe," akasema. "Na jibu litasema nini, Baba Mwelu? Mzungu fulani alikuja kutembea Nairobi, akaona ndege dukani, akampenda, akaenda naye kwao. Hilo ndilo jibu. Hata mimi naweza kukuandikia."

Nje, kwenye ngazi, mteja aliuliza kama ofisi imefunguliwa, Celine akamwambia arudi baada ya nusu saa. Nthenya hakuinuka. Alikuwa bado anatazama ile bandari.

"Hii inabadilika?"

"Kila dakika kumi."

"Basi tungoje moja."

Tukangoja. Aliniuliza kule ni saa ngapi, nikamwambia. Aliuliza kama ni baridi, nikamwambia kwamba mwezi wa tisa ni kama Limuru mwezi wa saba, na kuzidi. Aliuliza kama bahari ile inafika Mombasa. Nilimfungulia atlasi, nikamfuatishia njia kwa kidole: kushuka Atlantiki, kuizunguka Afrika Kusini, kupanda. Akasema ni mbali kwa mtu aliyekuwa anatapika kwenye basi la Machakos. Tukacheka wote wawili, na Celine naye akacheka, ingawa hakuwa amemjua.

Picha ikaja. Mbingu ileile, kilima kilekile. Lori lilikuwa limeondoka. Mwisho wa gati kulikuwa na mtu amesimama, ametugeuzia mgongo, amevaa koti la njano la mvua, kofia imefunika kichwa. Hukuweza kujua ni mzee au kijana, mweusi au mweupe, mwanamume au mwanamke.

Nthenya alimtazama. Nilimsikia akivuta pumzi na kuishika. Mimi nilikuwa nimewatazama watu kama hao kwa miezi mitano, nikajua anachokifanya. Alikuwa anamgeuza. Alikuwa anamwambia moyoni ageuke.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Unaona? Na mimi naweza. Ukiniacha hapa, naweza kukaa mpaka kufa." Akasukuma kiti nyuma. "Kwa hiyo nipe barua yangu."

Nilimwomba Celine karatasi. Aliniambia naweza kutumia kompyuta, nikakataa. Niliandika kwa kalamu, kwa mwandiko niliofundishwa jioni katika ukumbi wa Kaloleni:

"Kwa Mchungaji. Ndugu yangu Kimanzi Mbaluka aliondoka Mombasa kwa meli mwezi wa tatu, 1968. Barua yake ya mwisho tuliipata 1971. Mkewe Nthenya amemngoja vya kutosha. Sisi wa ukoo wake tumeridhika kwamba amefariki."

Nthenya aliisoma akiwa amesimama. Akairudisha mezani.

"Futa 'vya kutosha'. Hujui vya kutosha ni kiasi gani."

Nikafuta.

"Na 'tumeridhika' futa. Hujaridhika."

"Mchungaji atataka kujua kama amekufa."

"Mchungaji atasoma utakachoandika. Andika unachokijua."

Nilichukua karatasi nyingine. Nilikaa muda mrefu juu ya sentensi ya mwisho, mimi ambaye nimeandika barua za ofisi kwa miaka ishirini na sita bila kurudia hata moja. Mwishowe niliandika: "Nthenya amemngoja. Kimanzi hajarudi. Mimi ndugu yake mkubwa nilikuwa namzuia Nthenya, na leo simzuii." Nikatia sahihi na tarehe.

Safari hii hakusahihisha kitu. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia yake, akaondoa ule uzi wa buluu kwenye mkono wa sweta, akautazama kama anayejiuliza umetoka nguo gani.

"Jumapili utakuja?"

"Nitakuja."

"Wekulo atataka kukusalimia kwa mikono miwili. Mwache."

"Nitamwacha."

"Na hapa? Utaendelea kuja?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitazama kioo, na mtu wa koti la njano, na korongo wangu mwenye miguu ya gogo, nikashindwa.

"Nitaendelea," nikasema.

Alinipa mkono, kama watu wa ukoo mmoja wanavyopeana wanapoagana kwa safari. Mlangoni akasimama.

"Siku ukimwona," akasema, "usije kuniambia."

Nikamwahidi. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi, vikasimama katikati kwa muda, kisha vikaendelea.